Baba Aliisikia Injini, Nikamwambia Amekosea

Mama mshauri, shikamoo, naomba unisaidie maana siri hii inaninyima raha. Mimi ni fundi magari, gereji niliachiwa na baba macho yake yalipopofuka, ila hata bila macho watu waliendelea kumletea magari ayasikilize, anainamisha kichwa, anataja ugonjwa, na hakosei, na kipenzi chake ni pikapu aliyoinunua kabla sijazaliwa. Mwezi uliopita akalazwa, nikasema nimfurahishe, niifanyie sevisi, nikamwaga oili chafu, mara akaja mteja mwenye haraka, nilipomalizana naye nikaiwasha pikapu nikaondoka nayo bila kukumbuka kwamba sijatia oili mpya, mimi fundi wa miaka kumi na miwili, injini ikanoki njiani, ikafa kabisa. Ya aina ile haipatikani tena, basi nikatafuta ya gari jingine, nikakata vyuma na kuchomelea upya mpaka ikakaa, na ile ya baba nikaifunika turubai nyuma ya gereji.

Aliporuhusiwa nikamfuata na pikapu hiyohiyo. Hatujatoka getini akauliza, "Mwanangu, injini yangu iko wapi?"

Nikacheka. "Ni ileile, baba. Labda dawa za hospitali zimekuchezea masikio."

Juzi mteja wake wa siku zote kaja na gari ambalo injini yake inagonga, baba akamwambia, "Mpe kijana. Mimi masikio nayo yameniaga." Tangu hapo hatoki chumbani, mama anasema nisithubutu kufungua mdomo, presha itampanda, na mimi naona aibu hata kumsalimia. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Siri

Marahaba, mwanangu. Kusahau oili ni aibu, lakini kila fundi ana yake, na baba yako akibanwa atakutajia zake. Hilo nakuonea huruma. La masikio sikuonei hata kidogo. Mzee alibakiwa na kitu kimoja cha kumfanya aitwe fundi, wewe ukamnyang'anya ili kuficha uzembe wa nusu saa. Mikono ya kukata vyuma ulikuwa nayo, ukakosa ulimi wa kusema "baba, nimeharibu"?

Na mama yako mwambie hivi: mtu anayejifungia chumbani akiamini anapotea kidogo kidogo, huyo tayari ni mgonjwa.

Usingoje wiki iishe. Ukimaliza kusoma hapa, kamshike mkono umpeleke nyuma ya gereji, mwekee kiganja juu ya injini yake, umweleze yote kuanzia oili. Usimsingizie mteja mwenye haraka. Kisha umwite yule wa gari linalogonga, umwambie mbele ya baba kwamba mzee alisikia sawa, mwongo ni wewe. Huenda akakutukana. Huenda akakufukuza gereji, na gereji ni yake. Ondoka bila kubisha. Utakuwa umemwacha akijua kwamba hakukosea.