Visima Vyote Kijani

Jumatatu, 8 Septemba
Ripoti imegoma tena. Nabonyeza kurifreshi, kiduara kinazunguka weee, halafu kosa lile lile: safu ya hali ya visima inataka namba, imekuta maneno. Wasimamizi wa visima huko Handeni wamebadilishiwa fomu ya kwenye simu, sasa wanajiandikia majibu wenyewe. Mimi niko ofisini Korogwe nakodolea skrini. Meneja kila saa anachungulia. Gari la fundi haliondoki mpaka ripoti ionyeshe kisima chekundu, yaani kibovu. Ndiyo utaratibu wake. Nimeuchoka.

Jumanne, 9 Septemba
Nimezima kompyuta, nimewasha. Imegoma. Chai imepoa.

Jumatano, 10 Septemba
Nimempigia mtaalamu wetu wa Dar. Anaongea kama ana basi la kuwahi. Eti dada, chukua neno la kwanza la kila jibu. Nzuri iwe kijani, mbaya iwe nyekundu. Simpo. Nimefanya. Imekubali! Visima vyote kijani. Meneja kacheka mpaka jino la mwisho, gari la fundi kalipeleka gereji likapigwe rangi.
Sina raha. Vyote? Handeni hii, kiangazi hiki?

Alhamisi, 11 Septemba
Mama Zaituni, msimamizi wa kisima cha Kwamsisi, kanipigia. Nikamwamkia. Habari za huko? Nzuri, mwanangu. Kisima? Kipo, tunashukuru. Watoto? Hawajambo. Nikataka kukata, nina kazi. Ndipo akasema: "Ila pampu imekufa tangu wiki iliyopita. Tunachota lamboni pamoja na ng'ombe. Mjukuu wangu anaharisha, kalazwa. Mbona fundi haji?"
Nikafungua majibu yenyewe, moja moja. Nzuri, ila pampu imekufa. Nzuri kiasi, ila maji yanatoka matope. Kisima cha Kwaluguru hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeanza na ubaya. Nani kwetu huanza na ubaya? Hata msibani ukiulizwa habari unaitikia nzuri kwanza, ndipo useme tumefiwa. Na mimi Mshambaa, niliyelelewa na bibi, nimekata kila kitu baada ya nzuri. Jamani! Nimejikasirikia hadi kichwa kinauma.

Ijumaa, 12 Septemba
Meneja kakataa. Ripoti haina nyekundu, gari litoke liende wapi? Nikamwambia ripoti ndiyo imekosea, mtoto kalazwa. Kanitazama kama nimemtukana. Nikaacha kubishana. Nikafuta maelekezo ya Dar, nikakaa nikasoma majibu yote, kila penye "ila" na shida nyuma yake nikapaka nyekundu kwa mkono wangu. Nikarifreshi. Televisheni ya ukutani kwake, anakotazamia ripoti, ikawaka nyekundu tupu. Akaruka kwenye kiti, yeye mwenyewe akampigia dereva. Gari likatoka gereji limepakwa rangi upande mmoja.
Mdomo wangu hakuuamini. Rangi kaiamini. Lahaula!

Jumamosi, 13 Septemba
Fundi yuko Kwamsisi. Simu yake haipatikani. Nimefua, nimepika, sijala. Namfikiria yule mtoto.

Jumapili, 14 Septemba
Fundi kapatikana. Pampu inatoa maji tangu jana jioni.
Nimempigia Mama Zaituni. Shikamoo. Marahaba. Nikamuuliza mjukuu anaendeleaje. Hajambo, wamemruhusu, yuko hapa anakula uji.
Nikasubiri ile "ila". Haikuja.