Makofi Niliyopigiwa Kwenye Mkutano wa Matuta

Jumamosi, saa kumi jioni. Upepo wa Kitengela umenijaza vumbi mpaka kwa meno. Nimerudi kutoka mkutano wa mtaa, nikakaa tu hapa kitini bila hata kuvua viatu.

Leo nimepigiwa makofi, na sijawahi kuona aibu hivi.

Wacha nianze na mwaka jana. Mwalimu Musyoka, jirani yetu aliyestaafu, alileta mkutanoni mchoro wa barabara yetu, alioutengeneza mwenyewe kwa rula na kalamu za rangi. Matuta matatu ya kupunguza mwendo wa magari, na njia ya kando ya watu wa miguu na baiskeli, imetengwa kwa mawe ili magari yasipande. Alikuwa ameshinda siku nzima kwenye kona ya kanisa akiangalia vile watoto wanavuka.

Mimi ndiye niliyempinga. Nafanya kazi Kajiado mjini na kila asubuhi niko mbioni. Nikasimama nikasema, "Sisi wenye magari ndio tumejenga huu mtaa. Sasa mnataka tutambae?" Watu wakacheka. Mwalimu akakunja karatasi yake, na hayo mambo yakaishia hapo.

Jumatano wiki hii nilikuwa nimechelewa. Nikakata kona ya kanisa kwa kasi, nikasikia kitu kimegonga gari upande wa kushoto. Kwa kioo nikaona baiskeli mtaroni, na Mwalimu akijiinua, ameshika mkono wake.

Nikaendelea.

Nilijiambia kwamba mtu anayeweza kusimama hajaumia. Nilijiambia hivyo mpaka Isinya, katikati ya safari. Ofisini nikachapa barua na kunywa chai kama kawaida. Jioni nikasikia amevunjika mkono, na kwamba alikuwa ametoka tu kumpeleka mjukuu wake shule. Mwalimu humbeba huyo mtoto nyuma, kwa keria ya hiyo baiskeli. Ningepita dakika kumi mapema, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Leo alikuja mkutanoni amefungwa plasta. Mwenyekiti wetu, Mama Naserian, akamuuliza kama aliona gari.

"Lilikuwa jeupe," akasema. "Mengine wacha."

Magari meupe kama langu Kitengela ni mengi mno. Nikapumua. Kisha akafungua ule mchoro tena kwa mkono mmoja, mama aliyekaa karibu naye akimshikia upande wa pili. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wainue mikono, na wangu ukawa wa kwanza. Akanisifu mbele ya watu wote, eti si rahisi mtu kubadilisha msimamo hadharani. Wakanipigia makofi. Nikatabasamu. Hata nikajitolea kupeleka barua yetu ofisi ya kaunti, kwa vile niko Kajiado kila siku.

Tukitoka, Mwalimu akanisongelea. Akaongea pole pole, ili mtu mwingine asisikie.

"Mama Njeri, indiketa yako ya kushoto imepasuka. Itengeneze kabla polisi hawajakusimamisha."

Tangu Jumatano sijazunguka upande huo wa gari.

"Asante Mwalimu," nikamjibu. "Nitaitengeneza."

Alingoja kidogo. Alikuwa amenipa nafasi, na mimi nikaongea juu ya taa. Alipoona sina lingine, akaniaga vizuri tu, akashika njia kando ya barabara, akisimama kwenye nyasi kila gari likipita.

Majirani wengi husoma hii blogu. Ndiyo maana naandika hapa, nisipate pa kujificha tena: ni mimi niliyemgonga Mwalimu Musyoka, nikamwacha mtaroni.

Naenda kwake sasa hivi, halafu kwa Mama Naserian, halafu kituo cha polisi. Sijui kama atataka kuniona. Sijui hata nitaanza na neno gani.

Gari naliacha. Naenda kwa miguu.