Nimeacha Kunywa Maji

Jumapili jioni, Likasi. Baridi kavu, vumbi mpaka kwenye mashuka.

Kuna jambo sijamwambia mtu: miye nakojoa damu.

Si nyingi. Ni rangi ya chai iliyokaa sana. Inakuja na maumivu yanayoanzia ubavuni, nyuma, yanashuka mpaka kinenani, yanalegea, kisha yanarudi. Siwezi kukaa, siwezi kulala. Leo nilitoka katikati ya misa, nikazunguka kanisa kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Sisemi kwa sababu hapa kwetu, kijana wa umri wangu akilalamikia mkojo, watu wote wanajua tayari kwamba amelala na msichana. Chaude-pisse, kisonono, wanasema, wanacheka, halafu wanaanza kumtafuta huyo msichana. Miye hata kumsalimia msichana naona haya.

Choo chetu ni kimoja kwa nyumba zote za parcelle, kiwanja chetu, mlango wa bati. Wiki iliyopita nilikawia humo, yanatoka matone tu. Yaya Mado, dada yangu mkubwa, alikuwa anangoja nje na ndoo yake. Akagonga bati: "Weye, uko na bibi mule ndani? Mutoke basi, wote wawili."

Majirani wakacheka. Na mimi nikacheka.

Tangu siku ile sinywi maji, labda funda moja nikimeza chakula. Nilifikiri nisipokunywa sitakojoa, na nisipokojoa hakuna atakayejua.

Akili gani hiyo.

Ijumaa mwalimu wa biolojia alichora figo ubaoni, na mrija unaoteremsha mkojo. Katikati ya mrija akaweka nukta ya chaki: kijiwe, un calcul. Kikiziba, mkojo unarudi juu na figo inavimba. Kutokunywa maji kunavikuza vijiwe, akasema. Na homa ikiingia, ni hospitali siku hiyohiyo, maana uchafu unaweza kupita kwenye damu na kuua mtu. Nilinakili mchoro ule bila kuinua kichwa.

Leo meno yangu yanagongana chini ya blanketi mbili. Tangu mchana sijatoa hata tone.

Mama ameniita nikale bukari. Nimesema nimeshiba. Sasa nasikia kandambili zake kwenye koridoo.

Blogu hii hakuna nyumbani anayejua ni yangu. Siku zote nikisikia hatua, simu inaingia chini ya mto.

Zimesimama mlangoni.

Leo simu naiacha juu ya blanketi, imewaka. Mdomo wangu hautaweza. Mama anasoma polepole, nitamngoja.