Kaburi la Mgomba Shambani kwa Zena

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma
Tarehe: 21 Oktoba 2014, saa 3:40 asubuhi
Jina: Zena Abdalah
Umri: Miaka 54
Kabila: Mha
Dini: Mwislamu
Kazi: Mkulima
Makazi: Makere
Mwandishi: Koplo Nurudini

Mimi ndiye mwenye shamba lenye lile kaburi. Naanza na hilo kwa sababu tangu jana kila mtu anasema "shamba la yule bibi" kana kwamba sina jina. Nilizaliwa Heru Juu, nikaolewa Makere, mume wangu ni marehemu. Shamba langu la mihogo liko kando ya barabara iendayo kambi ya Nyarugusu.

Wilondja mnayemshikilia namfahamu. Ni mkimbizi Mkongo wa hapo kambini, na huu ni mwaka wa tatu ananifanyia kibarua cha kung'oa mihogo. Si mtu wa maneno mengi.

Mnamo tarehe 9 Oktoba, asubuhi, tulikuwa shambani wawili. Simu yake ikaita. Alisikiliza, akajibu kwa lugha ya kwao, akairudisha mfukoni. Akaendelea kung'oa mihogo mpaka mwisho wa tuta, kisha akakaa chini. Nilimuuliza kuna nini. Akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mama, baliua batu kwetu. Mama yangu, na batoto babili ba kaka yangu. Balibachomea ndani ya nyumba. Hakuna hata mufupa wa kuzika."

Niliweka jembe chini. Kwetu jirani akifiwa hatulimi mpaka maiti izikwe. Nililia pale pale. Nikampikia uji, hakuunywa.

Wilondja alirudi kambini kuwaita wenzake waandamane hadi kwenye ofisi za wanaohudumia kambi. Mwaka 2012, yalipotokea mauaji kwao, waliandamana wengi, wanawake wamevunja matawi ya kuombolezea na kujifunga vitambaa kichwani. Nami nilisimama barabarani nikalia nao. Mwaka uliofuata walipungua. Safari hii alizunguka kambi na tawi lake, akarudi kwangu nalo limenyauka. Aliniambia, "Batu banachoka, mama. Bananiuliza, tutaandamana mpaka lini? Bananipa pole, banafunga mulango." Alisema hakuwakasirikia, maana kila mlango aliobisha ulikuwa na wafu wake.

Baadaye alikwenda kuomba nafasi kwenye makaburi ya kambi. Akaambiwa kaburi ni la maiti, na yeye hana maiti.

Siku zikapita. Mvua ilishaanza, majirani wanapanda maharage, jembe langu limelala. Mimi pia nilichoka, sikatai. Nilimwambia waziwazi, "Mwanangu, maharage hayasubiri, na msiba huu hauna mwisho kwa sababu hauna kaburi." Alinitazama kwa macho makavu, na ndipo nikaona kwamba tangu simu ile hakuwa amelia.

Nikamsimulia jinsi mama yangu alivyomzika kaka yake aliyepotelea ziwani. Alikata mgomba, akauvisha sanda, akauzika. Watu wakalia, kesho yake wakaenda kulima.

Jana tarehe 20, jua likichomoza, tulikata mgomba nyuma ya nyumba yangu. Yeye alitaka mitatu. Nikamwambia mmoja unatosha, kwa kuwa walikufa pamoja. Niliuvisha shuka jeupe nililokuwa nimejiwekea la sanda yangu mwenyewe, nikalifunga kwa kamba sehemu tatu, moja kwa kila marehemu. Yeye akachimba kaburi shambani, tukauzika. Aliomba kwa dini yake, mimi kwa yangu, akataja majina yao. Hapo alilia, akalia mpaka nikaogopa. Tulikuwa wawili tu.

Nilimwacha pale nikaenda nyumbani kuchemsha maji ya kunawa. Ndipo Venanti, mwenyekiti wa kitongoji chetu, akapita, akaona kaburi jipya na Wilondja ana udongo mpaka magotini. Venanti mwenyewe kanieleza. Alimuuliza, "Umezika nani hapa?" Wilondja akajibu, "Mama yangu." Akamuuliza, "Na nani tena?" Akajibu, "Batoto ba kaka yangu." Venanti akapiga yowe. Mtu amesema kweli tupu, akafungwa kamba kwa kweli yake.

Niliporudi na maji nilikuta shamba limejaa. Watu wa Makere, watu wa kambini, vijana wa bodaboda, wote wamekanyaga mihogo yangu. Wale wale waliofunga milango walikuja mbio kumwona muuaji. Nilipiga kelele kwamba ni mgomba, lakini nani anisikilize? Inaniuma sana. Aliwaita waje kulia naye, hawakuja. Alipoitwa muuaji walikuja na watoto mgongoni.

Wilondja hajaua mtu. Mnasema leo mtafukua. Fukueni. Mtakuta mgomba ndani ya shuka jeupe, umefungwa sehemu tatu. Ninachoomba ni kimoja, msiutupe kando kama takataka. Mpelekeni yeye mwenyewe aufukie, na mumfungue mikono kwanza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya. Nimesomewa, ni maneno yangu, sina la kupunguza.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)

Nimeyaandika na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, akaridhika.
Koplo Nurudini

NYONGEZA, siku hiyo hiyo, saa 10:15 jioni. Kaburi limefukuliwa kwa kibali cha mahakama, mbele yangu, mwenyekiti wa kitongoji na mtuhumiwa. Umekutwa mgomba mmoja ndani ya shuka jeupe, umefungwa sehemu tatu. Hakuna maiti. Mtuhumiwa amefunguliwa pingu na kuachiwa huru. Watu waliokusanyika waliamriwa kutawanyika, hawakutawanyika. Baadhi ya wanawake wa kambini walikwenda kuvunja matawi. Wilondja aliomba kuyataja tena majina kabla ya kufukia, nikamruhusu. Alipomaliza, mwanamke mmoja alisogea akataja majina ya watu wake, kisha mwingine, kisha wengine. Kazi ya kufukia ilichelewa kwa sababu hiyo.