Vumbi la Behewa la Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Nimekata madirisha manne ya behewa la tano. La mwisho limepinda kidogo. Wembe umeisha makali. Kesho ninunue mwingine.

Ni yale mabehewa mekundu ya plastiki yanayouzwa stendi na treni yake ya betri. Ni ya watoto. Mepesi, ukipita karibu yanaanguka. Nayafungua tumbo, natia risasi ndani, vile vipande vinavyobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Zilizotolewa nazipata kazini, kila kibanda cha tairi hapa Makindu kina mkebe wake. Ekseli nakata kutoka spoku ya baiskeli. Kisha msasa, kisha rangi, kisha vumbi. Bila vumbi ni toi tu. Vumbi ndilo linalolifanya liwe lile behewa la zamani la daraja la tatu.

Upepo mwingi leo. Wateja watatu. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe, wa kutoka Garissa, ameliona behewa kwenye benchi akauliza, "Fundi, ng'ombe wangu wataingia lini?" Nilicheka kwa sababu ilikuwa zamu yangu kucheka.

Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote.

Jumanne, 3 Juni

Ndinda amepiga simu. Ni mdogo wake marehemu mke wangu, anafanya kazi Nairobi. Mama yao atafanyiwa upasuaji wa jicho hapa kliniki, mtoto wa jicho. Kutoka Zombe ni mbali, hawezi kwenda na kurudi. Akae kwangu siku kumi. Nimesema sawa. Ningesema nini?

Mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwe wake. Kwetu Wakamba hii ni nthoni, haya ya heshima. Sisi wawili hatukai chumba kimoja, hatupeani mkono, hatutazamani usoni. Akija njiani mimi nampisha, naingia kwenye nyasi. Miaka kumi na tisa ya ndoa na sijui sura yake vizuri. Vijana siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao mbele ya kanisa. Mimi siwezi. Na yeye hawezi zaidi.

Nitalala stoo, na tairi.

Jumatano, 4 Juni

Amefika saa kumi. Jirani yangu, Mama Kioko, amempokea stendi na kumwingiza ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilimsikia anakohoa. Ameleta ndengu, gunia nusu. Atakula nani zote hizo.

Mama Kioko ndiye atakayepika na kumpeleka kliniki. Pia atapeleka maneno, mimi nikitaka kusema kitu kwake, na yeye akitaka kusema kitu kwangu. Tumekubaliana.

Mabehewa manne yako mezani sebuleni. Nilitaka kuyahamishia stoo lakini huko kuna panya. Niliwaza hasa juu ya la tatu. Nikaacha. Mama haoni, nikasema. Hata mlango anaupapasa.

Niandike kuhusu la tatu, niache kulizungusha kichwani.

Mumbua alitoka Zombe, ambako reli ilikuwa ni kitu cha kusikia tu. Wiki moja baada ya harusi nilimpandisha treni kwenda Mombasa, daraja la tatu. Alikaa dirishani njia nzima. Tulishuka wote wawili wekundu kwa vumbi, hata kope. Akasema hajawahi kufurahi hivyo. Behewa la tatu ni lile tulilopanda. Rangi ya damu ya mzee niliyopaka ni ya kucha zake, chupa mbili. Vumbi nilitoa kando ya reli, akalichekecha na chujio la chai. Mwaka jana tulikuwa tumefikia paa. Alikuwa amejipaka Vaseline mikononi, akalishika. Kidole gumba chake kikabaki pale juu, wazi, mistari yote, vumbi limenata ndani yake.

Nilikasirika. Nilimwambia ameharibu. Akacheka, akasema, "Kwani treni ya ukweli haishikwi na watu?" Nikasema nitaifuta Jumamosi, nipake upya, halafu nipulizie ile spray yake ya nywele ili vumbi lishike. Jumatano alianguka sokoni. Damu kichwani, walisema. Ijumaa hakuwepo.

Sikufuta. Sikupulizia pia, niliogopa itayeyusha. Miezi saba sasa. Mavazi yake Ndinda alichukua. Simu yake imekufa. Kilichobaki cha mwili wake juu ya dunia ni hicho kidole.

Alhamisi, 5 Juni

Upasuaji umeenda vizuri. Jicho la kulia. Nimeziba pancha saba.

Ijumaa, 6 Juni

Wametoa bandeji. Mama Kioko anasema mama alisimama mlangoni mwa kliniki akasoma bango la duka ng'ambo ya barabara, herufi moja moja, kwa sauti. Watu wakapiga makofi. Amepewa dawa ya matone, mara nne kwa siku. Asiiname, asiguse vumbi, asikae penye moshi, asilie.

Nimefurahi kwa ajili yake. Nadhani ni furaha.

Jumamosi, 7 Juni

Ameosha nyumba.

Nimerudi saa nane nikakuta Mama Kioko mlangoni anacheka. Mama ameamka na jicho jipya akaona uchafu wote wa mwanaume anayeishi peke yake. Alikatazwa, hakusikia. Dirisha, sufuria, kuta, mapazia. "Hata toi zako amekuoshea," Mama Kioko akasema. "Zinang'aa."

Mama alikuwa amekwenda chumbani aliposikia kikohozi changu. Mabehewa yako juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, yamepangwa mstari. La kwanza, la pili na la nne nilikuwa nimepulizia, yamechubuka tu kidogo. La tatu halikuwa na kitu cha kulinda. Sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Paa ni jekundu, la plastiki, linang'aa kama siku niliyolinunua.

Nimesimama pale. Nikamwambia Mama Kioko, mwambie asante.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa stoo nikiangalia tairi.

Namchukia. Naandika kwa sababu ni kweli. Anapumua kule ndani, anaimba tenzi, anaona. Mke wangu amezikwa na sasa amefutwa, na aliyemfuta ndiye aliyemzaa.

Ndinda alipiga mchana kusalimia. Nilimwambia yote kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilisema, "Mama yako ameosha kitu cha mwisho cha Mumbua. Amekisugua na waya." Akasema, "Pole, shemeji," akakata.

Najua atamwambia mama. Nilijua hata nikiwa nasema. Mimi siwezi kumtukana mama mkwe, nthoni haikubali, kwa hivyo nimetafuta mtu wa kunipelekea.

Jumatatu, 9 Juni

Mama hajala tangu jana jioni. Mama Kioko anasema amegeukia ukuta na analia, analia bila sauti. Jicho limekuwa jekundu.

Sijasikia kitu. Nimefanya kazi hadi jioni. Malori mawili ya mchanga, tairi nane.

Jumanne, 10 Juni

Mama Kioko ameondoka alfajiri. Dada yake amefiwa huko Kwa Vonza. Atarudi kesho. Ameniachia chupa ya dawa juu ya jiwe la mlango wa stoo, na maneno: mara nne, usisahau, jicho si zuri.

Ningeweza kumwita mwanamke mwingine. Nyumba ya tatu kuna mke wa mwalimu. Nilifika hata langoni kwake. Nikarudi, sijui kwa nini. Labda niliona aibu kueleza jicho limekuwaje jekundu.

Nimeosha mikono na petroli, kisha sabuni, kisha sabuni tena. Weusi wa tairi hautoki kwenye kucha, lakini hiyo ni kawaida. Nilikohoa mlangoni. Hakuondoka. Alikuwa ameketi kitandani, leso imefunika kichwa mpaka machoni. Nikasema, "Mwaitu, ni dawa." Sijawahi kumwita mama kwa mdomo wangu, siku hata moja.

Akainua uso mwenyewe.

Lazima ushike kope ya chini na kidole gumba uivute. Ngozi yake ni laini kuliko nilivyodhani. Tone la kwanza lilianguka shavuni. Na mimi ndiye ninayekata dirisha la milimita tano. La pili liliingia. Akanitazama kwa jicho lile moja. Ni jicho la Mumbua. Rangi ile ile ya chai, na lile doa dogo pembeni. Sikuwa najua limetoka wapi kwa sababu sikuwahi kumwangalia huyu mama.

Akasema, "Nilidhani ni uchafu."

Nikasema, "Ulikuwa uchafu, Mwaitu."

Saa sita nilirudi na dawa, na saa kumi, na jua likitua. Mara hiyo ya mwisho alikuwa amekwisha kutoa leso.

Jumatano, 11 Juni

Amekula. Ugali kidogo na ndengu.

Mama Kioko amerudi akaichukua tena chupa ya dawa. Nilimpa. Nilikuwa tayari nimenawa mikono.

Alhamisi, 12 Juni

Kliniki wamesema wekundu unapungua. Anaweza kusafiri Jumamosi. La kushoto wataangalia mwakani.

Nimejaribu kuanza paa la tatu upya. Nilishika msasa nikaurudisha mfukoni. Behewa la tano nalo halina magurudumu bado. Sina hamu na lolote.

Ijumaa, 13 Juni

Mama Kioko ananiuliza chujio la chai liko wapi. Nimemwambia sijui. Anauliza pia kama niliwahi kutupa Vaseline ya marehemu. Iko kabatini, nimesema, wewe una shida gani? Akaenda zake.

Jumamosi, 14 Juni

Ndinda alikuja na gari la mtu wakamchukua saa tatu. Nilikuwa kazini, chini ya trela. Ndivyo inavyofaa, mkwe hasimami kuaga.

Nyumba ni safi sana. Ndengu ziko kwenye sufuria, zimefunikwa.

Behewa la tatu liko peke yake mezani, juu ya gazeti. Amelipaka vumbi. Vaseline na udongo wa nyuma ya choo, uliochekechwa vizuri, ninaujua kwa wekundu wake. Si udongo wa reli. Mwingi mno, umeingia mpaka kwenye madirisha niliyokata siku mbili, mawili yameziba kabisa. Na alama haiko juu ya paa. Hakuna aliyemwonyesha ilikuwa wapi. Ameiweka ubavuni, katikati, kidole gumba kimoja, kipana, cha mtu aliyelima maisha yake yote. Kuna mstari unaokata mistari mingine, kovu la panga labda.

Si cha Mumbua. Kimekosea mahali, kimekosea rangi, kimeharibu madirisha.

Nilikaa nacho. Nililia kidogo, si sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha nikaleta ile spray ya nywele kutoka kabatini. Nililitikisa kopo, nikalishika mbali kidogo, nikapulizia. Haikuyeyusha kitu. Nikangoja ikauke, nikapulizia tena mpaka kopo likaisha.

Nikapasha ndengu nikala.