Kifungu cha Sita

Bergen, Novemba

Shikamoo Shangazi Ragnhild,

Sufu uliyotuma imefika salama.

Tuva, mwenzangu wa duka la sweta mtandaoni, kaniletea mkataba baada ya miaka minne ya kukubaliana kwa mdomo tu. Nilishangaa kimemwingia nini.

"Sisi tena, karatasi ya nini?"

"Soma kwanza, shoga, ucheke baadaye."

Kifungu cha sita kilisema mikono ya mmoja wetu ikishindwa kufuma, ushirika utakoma.

"Mikono ya nani?" nikamuuliza.

Akanyanyua kikombe, kahawa ikamwagika mezani. "Daktari anasema itazidi kutetemeka."

Nikakikata kifungu kile, nikaandika: "Tuva atabuni, Solveig atafuma." Ndipo tukatia sahihi, yeye polepole sana.

Nakukumbuka,
Solveig