Shangazi Alipinga Leseni Yangu, Kisha Akapanda Gari Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijachubua gari rangi kwa kuliosha, maana ndiyo kazi niliyobaki nayo, naosha gari ambalo haliendi popote, nikimaliza nalizunguka, nakaa, nasimama, naingia ndani, natoka tena, mpaka mume wangu anasema nimekuwa kama mtu anayesubiri mgeni asiyefika. Mimi ni dereva, kazi ninayoijua ni kubeba wagonjwa wanaokwenda hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu na kuwarudisha nyumbani, na kazi hii nilifundishwa na shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea na ndiye mwenye kampuni pekee ya kubeba wagonjwa hapa mjini. Alinifundisha kumwinua mtu mzima bila kumuumiza, kufunga kiti cha magurudumu kisicheze kwenye kona, na alinifundisha kwamba mgonjwa hapigiwi honi, ukifika kwake unazima gari, unashuka, unabisha hodi.

Sasa magari ya shangazi hayatoshi na kila mtu anajua, jirani yangu ni mwalimu mstaafu, anakaa mlangoni akisubiri gari hadi nafasi yake kwenye mashine anapewa mwingine, anarudi ndani miguu imevimba, nami nikaona nijitegemee, nikanunua gari kuukuu, fundi akalirekebisha, nikaomba leseni. Kumbe sheria yetu inataka wenye leseni tayari waitwe kwenye kikao cha halmashauri waulizwe kama mji unahitaji mwingine, wakisema hapana basi ni hapana, hakuna anayekuuliza kama unajua kuendesha wala kama gari lina breki. Nilijua shangazi ataulizwa lakini sikuwa na wasiwasi, nilijiambia huyu ni damu yangu, hata sikumwendea kumweleza mapema, na siku ya kikao akasimama mbele ya watu bila kunitazama akasema, "Huduma iliyopo inatosha." Ombi langu likafa palepale.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba tulipotoka nje hakuwa na usafiri, akafungua mlango wa gari langu akaketi, akaniambia nimpitishe nyumbani, nami nikampitisha, ningefanyaje, ni shangazi. Njiani hakugusia kikao kabisa, ila aligeuka akavutavuta mikanda ya kiti cha mgonjwa, akasema fundi wangu anaijua kazi, kisha akashuka.

Kuna wakili anayewatetea watu waliozuiwa na sheria za namna hii, anataka twende mahakamani tuseme kwamba sheria hii haiwasaidii wagonjwa chochote, inawakinga tu wafanyabiashara waliotangulia, anasubiri sahihi yangu, lakini anasema shangazi huenda akaitwa kutoa ushahidi. Mama amesikia, amelia, ameniuliza, "Utampandisha kizimbani mtu aliyekuogesha?" Mshauri, nampenda shangazi, na nina hasira naye, nikisaini nimempoteza, nisiposaini mwalimu ataendelea kukaa pale mlangoni na mimi nitazeeka na sifongo mkononi. Nifanye nini?

Mwenye gari linalong'aa bure

*

Mwenye gari linalong'aa, weka sifongo chini tuongee.

Pole sana. Kukataliwa na mtu baki kunauma, kukataliwa na aliyekulea kunauma kupita kiasi, kwa hiyo sitakuambia usikasirike. Ila nimecheka mahali ambapo hukukusudia nicheke. Mtu kakuzibia riziki mchana kweupe, nawe ukampa lifti! Hata mimi ningempa. Lakini mtu anayekuchukia angepanda teksi. Shangazi yako anaogopa. Amejenga biashara ile kwa mikono yake, umri unakwenda, na dereva pekee anayeweza kumshinda ni yule aliyemfundisha mwenyewe. Namhurumia. Hata hivyo hofu ya mfanyabiashara haiwezi kuwa ndiyo sheria ya mji. Muulize muuza mkate kama mtaa unahitaji muuza mkate mwingine, uone atakavyokujibu.

Nawe una lako. Ulimwacha shangazi asikie mipango yako kikaoni kama mpita njia, eti kwa sababu ni damu yako. Damu haisomi mawazo, mwanangu. Na sasa umegeuka upande wa pili, unataka shangazi akuruhusu kuipinga sheria inayotaka uruhusiwe na shangazi. Unaona unavyozunguka? Umezoea kuomba kibali mpaka unaniomba mimi, na mimi sigawi leseni.

Saini. Mama atalia, mfute machozi, mwambie shahidi si mshtakiwa. Mwambie wakili aandike wazi kwamba mnaipinga sheria na hiyo halmashauri inayoitumia, jina la shangazi lisiwe kwenye orodha ya wanaoshtakiwa. Mwombe mwalimu, kama ana nguvu, aeleze mwenyewe anavyosubiri, kwa sababu hilo hakuna wakili anayeweza kulisema kwa niaba yake. Usibebe mgonjwa hata mmoja kabla ya hukumu, hata akikulilia, utawapa watu fimbo ya kukuchapia. Tafuta gari la mtu mwingine uendeshe kwa sasa, hata la kusambaza magodoro, maana kesi huburuta miguu na mnaweza kushindwa. Hilo nakwambia mapema usije ukanilaumu.

Lakini kabla ya kalamu kugusa karatasi, nenda kwa shangazi. Usiende kumwomba ruhusa, wala usimfundishe la kusema mahakamani. Mwambie tu unachokwenda kufanya, na kwamba bado ni shangazi yako. Anaweza kukufukuza. Vumilia, urudi siku nyingine. Samansi ya mahakama ikimfikia kabla yako, utakuwa umempigia honi mtu mwenye hofu, na yeye hakukulea hivyo. Kwa hiyo nenda leo. Ukifika kwake zima gari, shuka, ubishe hodi.